Sumukuvu huanzia shambani, haianzii mpakani

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA anayenunua mahindi upande wa Kabanga, Tanzania, na kuyauza upande wa Kobero, Burundi, ana kipimo chake cha tangu zamani. Huingiza mkono ndani ya gunia, huchota punje chache, huzitia mdomoni na kuziuma. Zikivunjika kwa mlio mkavu, mzigo ni mzuri. Zikibonyea chini ya jino, anaanza kuteremsha bei au anageukia gunia jingine.

Kipimo hicho hakina gharama na kimewasaidia wengi, kwa kuwa mahindi makavu na mahindi yenye maji si bidhaa moja. Lakini liko jambo la pili ambalo jino haliwezi kulijua, wala jicho, wala pua. Punje inaweza kuwa nyeupe, ngumu na yenye kung'aa, na bado ikawa imebeba sumu iliyoachwa na kuvu wiki nyingi zilizopita, wakati hindi lilipokuwa lingali shambani au limelundikwa uani likingoja jua.

Sumu hiyo kwa Kiswahili huitwa sumukuvu, na aina yake inayotisha zaidi ni aflatoksini. Ndugu zetu wengi waliorejea kutoka kambi za Nduta, Mtendeli na Nyarugusu mkoani Kigoma huenda walilisikia neno hilo wakiwa huko. Sasa wamerudi kwenye mashamba ambayo baadhi yalikaa miaka bila jembe. Mavuno ya kwanza ya familia ya namna hiyo ndiyo chakula cha watoto, ndiyo mbegu ya msimu unaofuata, na ndiyo fedha ya kwanza ya sokoni. Yakiharibika, hakuna akiba nyingine nyuma yake.

Makala haya yanaeleza sumu hiyo inaingiaje katika mahindi na karanga, na mkulima pamoja na mfanyabiashara wafanye nini ili kuizuia mapema. Kuzuia ndiyo njia iliyopo, maana ikishaingia haitoki.

Waliokufa kwa chakula chao wenyewe

Kati ya Mei na Novemba 2016, watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, katikati ya Tanzania. Waliumwa tumbo, walitapika, macho yao yaligeuka manjano, na wengine walivimba tumbo. Watu 20 kati yao walifariki dunia. Uchunguzi ulielekea kwenye chakula cha kila siku: mahindi waliyoyalima wenyewe na kuyahifadhi nyumbani mwao.

Miaka 12 kabla ya hapo, mwaka 2004, maafa makubwa zaidi yalitokea mashariki mwa Kenya, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui. Waliougua walikuwa 317, na waliokufa 125. Wachunguzi waliwalinganisha waliougua na majirani zao ambao hawakuugua. Tofauti moja ilijitokeza waziwazi: nyumba nyingi zilizopatwa zilikuwa zimehifadhi mahindi yenye maji ndani ya nyumba, badala ya kuyaweka katika ghala linalopitisha hewa.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani kwamba hilo ni tatizo la mkulima peke yake. Sivyo. Katika maafa hayo hayo ya 2004, wataalamu walikwenda pia sokoni. Walikusanya sampuli 350 za mahindi na mazao yake kutoka kwa wauzaji 243 katika masoko 65. Zaidi ya nusu, asilimia 55, zilikuwa zimezidi kiwango cha 20 kwa bilioni, ambacho ndicho kilichokuwa kikomo cha Kenya wakati huo. Asilimia 7 zilizidi 1,000 kwa bilioni. Mahindi ya mashambani yalikuwa yameshaingia katika magunia ya wachuuzi, na mtu aliyekosa chakula nyumbani akaenda kununua, alikuwa akinunua hatari ile ile.

Hata kugundulika kwa sumu hii kulitokana na biashara ya kuvuka mipaka. Mwaka 1960 nchini Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao madaktari wa mifugo hawakuujua. Walipofuatilia chakula chao, walikuta mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazil. Ndani ya mashudu hayo ndimo aflatoksini ilimotambuliwa.

Kuvu ni kitu kimoja, sumu ni kitu kingine

Kuvu anayetengeneza aflatoksini huishi ardhini na katika mabaki ya mimea. Wataalamu humwita Aspergillus flavus. Vumbi la mbegu zake hupeperushwa na upepo na kubebwa na wadudu, likatua kwenye hindi changa au kuingia katika ganda la karanga. Akishamea, mara nyingi huonekana kama unga wa kijani unaoelekea manjano.

Kuvu huyu hupenda joto, na hushambulia zaidi mmea uliodhoofika. Mahindi yaliyokosa mvua wakati wa kujaza punje, au yaliyotobolewa na viwavi, ni mlango uliokwisha kufunguliwa. Kwa hiyo ukanda wa joto, kama Imbo na Moso kwa upande wa Burundi, unahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Lakini wa nyanda za juu wasijidanganye. Huko nako kuna kuvu wa aina nyingine, anayeacha ukungu mweupe au wa rangi ya waridi kwenye hindi, na yeye hutoa sumu iitwayo fumonisini.

Mambo mawili ni lazima yaeleweke. La kwanza, kuvu anaweza kufa au kufutwa, na sumu yake ikabaki. Mahindi yaliyopanguswa ukungu hayajawa salama. La pili, moto wa jikoni hauiondoi. Maji ya ugali huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, nayo aflatoksini huanza kuvunjika kwenye joto linalozidi nyuzi 200. Ukiisonga katika ugali au ukiipika katika uji, sehemu kubwa ya sumu hubaki ndani ya chakula.

Na kiasi chake ni kidogo mno. Kikomo cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni 10 kwa bilioni kwa aflatoksini zote kwa jumla, na 5 kwa bilioni kwa ile iliyo kali zaidi, inayoitwa B1. Kwa lugha ya mfanyabiashara, chukua lori la tani 10. Sumu inayotosha kulifikisha kwenye kikomo hicho ni sehemu moja ya kumi ya gramu, pungufu ya chumvi unayoibana kati ya vidole viwili. Hakuna jicho litakaloiona.

Kazi huanza kabla ya kupanda

Mkulima anayelifungua upya shamba lililolala aanze kwa kuondoa mabua na mabaki ya zamani, kwa kuwa humo ndimo kuvu hukaa. Mahindi na karanga yasifuatane kila msimu katika kipande kile kile, kwa sababu yote mawili humlisha kuvu huyu. Maharage, mihogo au viazi vitamu viingie katikati.

Kupanda kwa wakati ni kinga. Mahindi yanayopandwa mvua za kwanza za msimu huwa na nafasi nzuri ya kumaliza kujaza punje kabla maji hayajakatika. Mbegu ichaguliwe inayokomaa ndani ya mvua za mahali hapo. Mbegu ya miezi mingi katika eneo la mvua fupi itakutwa na ukame ikiwa bado changa. Palizi isichelewe, kwa sababu magugu hunywa maji ya mahindi. Samadi na mboji husaidia udongo kushika unyevu. Kwa karanga, katika udongo wenye tindikali kama ulivyo sehemu nyingi za nchi yetu, chokaa ya kilimo huimarisha maganda, na ganda imara humzuia kuvu.

Viwavi ndio watoboaji wakubwa. Viwavi wa mabua wapo tangu zamani, na viwavijeshi vamizi waliingia ukanda huu kuanzia 2017. Kila tundu katika hindi ni njia ya kuvu. Shamba likaguliwe mapema, asubuhi au jioni, kabla kiwavi hajaingia ndani ya hindi mahali ambapo dawa haimfikii.

Ipo pia njia mpya zaidi, ya kumpiganisha kuvu na kuvu mwenzake. Bidhaa iitwayo Aflasafe ni punje za mtama zilizopakwa kuvu wa jamii ile ile ambao hawatoi sumu. Humwagwa shambani wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua, kilo 4 kwa ekari, ili wale wasio na sumu wawahi nafasi. Ilisajiliwa Kenya mwaka 2015 na Tanzania mwaka 2018. Anayeihitaji amwulize moniteri wa kilimo wa eneo lake iwapo inapatikana, wala asinunue punje zisizo na lebo kutoka kwa mtu wa njiani.

Siku kumi zinazoamua

Mavuno ya mahindi ya msimu A huangukia Januari na Februari. Hapo ndipo penye mtego. Mvua hazijaondoka kabisa, na nyingine zinakaribia kuanza. Mkulima ana mambo mawili yanayomvuta huku na huku: akivuna mapema, mahindi yana maji, akiyaacha shambani, mvua huyanyea, mchwa hupanda, ndege hufungua maganda, na wezi nao wapo.

Alama ya kukomaa ipo kwenye punje yenyewe. Chomoa punje kutoka katikati ya hindi, utazame kitako chake, pale iliposhikana na gunzi. Ukiona kidoa cheusi, hindi limekomaa na halipati tena chochote kutoka kwenye mmea. Kuanzia siku hiyo, kila siku ya kuliacha shambani kwenye mvua ni hasara.

Hindi likivunwa lisitupwe chini. Udongo ndio makao ya kuvu, na hindi lenye maji likigusana na udongo ni sawa na kumpelekea chakula mezani. Litiwe kwenye kikapu au juu ya mkeka. Lisilundikwe, wala lisitiwe kwenye kiroba cha plastiki likalala humo. Lundo la mahindi yenye maji hupata joto lenyewe. Tia mkono katikati utalisikia. Siku mbili ndani ya joto hilo zinatosha kuvu kuanza kukua.

Kisha kuna kuanika. Familia nyingi zilizorejea zina kitu kimoja chenye thamani kubwa kuliko wanavyofikiri: turubai lile lililotoka nalo kambini. Likishamaliza kazi ya kuwa paa, lisafishwe liwe uwanja wa kuanikia. Punje zitandazwe, kina chake kisizidi upana wa vidole viwili, zigeuzwe mara kwa mara, na jioni zifunikwe kabla umande haujashuka. Kuku na mbuzi wafukuzwe. Wenye mahindi ambayo hayajapukuchuliwa wajenge chanja nyembamba iliyoinuliwa kutoka ardhini, yenye upana wa nusu mita hivi na paa juu, ili upepo upite kati ya mahindi hata siku isiyo na jua.

Kabla ya kupukuchua, mahindi yachambuliwe. Yaliyooza, yaliyotobolewa, yenye ukungu ncha ama kitako, yawekwe kando. Kupukuchua kwa kupiga gunia kwa fimbo ni haraka, lakini huvunja punje, na punje iliyopasuka haina ngozi ya kujikinga. Kifaa kidogo cha kupukuchulia kwa mkono, au mashine iliyorekebishwa vizuri, huacha punje zikiwa nzima.

Nchini Rwanda jirani, kiwanda cha Africa Improved Foods cha Kigali kiliona ugumu wa kupata mahindi salama yaliyokaushwa vijijini msimu wa mvua. Njia mojawapo kilichoichukua ni kununua mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, mara tu baada ya kuvunwa, na kuyapukuchua na kuyakausha kwa mashine. Chama cha ushirika hakihitaji kuwa na kiwanda ili kujifunza hapo. Somo ni kwamba zile siku chache baada ya kuvuna ndizo zinazoamua.

Chupa na chumvi

Mahindi ya kuhifadhi au kuuza katika soko la Afrika Mashariki hayatakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5. Kipima unyevu cha mashine kinaonyesha namba hiyo kwa dakika chache, na wanachama kumi wakichangishana wanaweza kununua kimoja. Asiye nacho anaweza kutumia chupa na chumvi.

Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu kabisa, yenye kifuniko. Tia punje hadi theluthi ya chupa. Ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi ya mezani iliyokaushwa vizuri. Funga, tikisa kwa dakika moja au zaidi, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15, na hayafai kuwekwa ghalani. Ikianguka chini bila kuganda, yako chini ya hapo. Yaongezee siku moja au mbili za jua, kwa sababu 15 bado si 13.5.

Mahindi yakishakauka, adui ni maji kurudi. Magunia yasiwekwe sakafuni wala kuegemezwa ukutani. Yapandishwe juu ya mbao, na nafasi iachwe ya kupitisha hewa. Kihenge kisafishwe, mabaki ya mwaka jana yatolewe, paa lizibwe kabla ya mvua. Mifuko isiyopitisha hewa, kama ile ya tabaka tatu ijulikanayo kwa jina la PICS, huwaua wadudu bila dawa, kwa kuwa hewa iliyomo ndani huisha. Kila tabaka hukamuliwa hewa na kufungwa peke yake. Lakini mfuko huo haukaushi kitu. Ukitia mahindi yenye maji, utayatoa yameoza.

Karanga zina mtego wake

Karanga hukua ndani ya udongo, karibu kabisa na kuvu. Zing'olewe zikiwa zimekomaa, na njia ya kujua ni kumenya chache: ganda kwa ndani likiwa limeanza kuwa la rangi ya kahawia iliyokolea, muda umefika. Zikichelewa, maganda hubaki ardhini na kupasuka. Mashina yageuzwe, karanga ziangalie juu, jua na upepo vizifikie.

Mtego mkubwa uko katika kumenya. Maganda makavu huumiza vidole, basi wamenyaji huyalowesha maji ili yalainike. Kazi inakuwa nyepesi, na hapo hapo kuvu anapata unyevu aliokuwa akiungoja. Mashine ndogo ya kumenyea ya kikundi huondoa kabisa haja ya kulowesha.

Faida ya karanga ni kwamba mbaya wake huonekana zaidi kuliko mbaya wa mahindi. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizochipua na zilizovunjika ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sumu. Kuzichagua kwa mkono na kuzitoa hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Kwa kawaida, lakini, hizo zinazotolewa ndizo zinazouzwa kwa bei ya chini, zikasagwa na kutiwa katika mboga ya maskini. Unga haufichui sura ya karanga iliyosagwa. Mama anayesaga uji wa mchanganyiko wa mahindi na karanga kwa ajili ya mtoto azichambue mwenyewe kabla ya kwenda mashineni.

Mfanyabiashara ananunua maji

Hapa tuzungumze na mwenye mizani. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18 likikaushwa hadi 13.5 litabaki na kilo 95 kasoro kidogo. Kilo tano na ushei zilikuwa maji. Kwa lori la tani 10, hayo ni maji ya zaidi ya nusu tani, magunia matano na zaidi, ambayo yamelipiwa bei ya mahindi na nauli ya mahindi.

Mkulima naye anaijua hesabu hiyo kwa upande wake. Akikausha vizuri, uzito unapungua, na kama bei ya kilo ni ile ile, jua lake limempunja. Wapo hata wanaonyunyizia maji gunia kabla ya kulipeleka kwenye mizani. Tabia hiyo haitakoma kwa kulaumiana. Itakoma pale mnunuzi atakapolipa bei mbili, moja ya mahindi makavu na nyingine ya yenye maji. Kwa mfano wa hesabu tu, kilo yenye unyevu wa 18 ikinunuliwa kwa faranga 1,000, kilo kavu ni haki yake faranga 1,055. Mnunuzi hapotezi chochote kwa kulipa hivyo, na mkulima anapata sababu ya kuanika siku ya ziada.

Baada ya kununua, mzigo mkavu usichanganywe na wenye maji. Samaki mmoja akioza, huoza wote, nalo gunia moja lenye maji katikati ya lori huyatia unyevu yaliyolizunguka. Magunia yasipakiwe mvua ikinyesha. Lori lililofunikwa turubai likikaa siku kadhaa juani mpakani, mvuke hupanda, usiku unageuka matone na kuangukia magunia ya juu. Kila kituo kirefu, turubai lifunguliwe mzigo upate hewa.

Tena kuna karatasi. Wafanyabiashara wengi wadogo wanafahamu cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Cheti hicho kinaeleza bidhaa ilikotoka, basi. Cheti cha afya ya mimea kinahusu wadudu na magonjwa ya mimea. Hakuna kati ya hivyo viwili kinachosema mahindi hayana sumukuvu. Hilo husemwa na cheti cha ubora kinachotokana na kipimo cha maabara, na shughuli hiyo Tanzania iko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na Burundi iko chini ya BBN.

Kilichotokea Machi 2021 kinafaa kukumbukwa na kila anayevusha nafaka. Tarehe 5 mwezi huo Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakakwama. Tarehe 10 zuio likaondolewa, lakini kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, maghala yao yajulikane, na kila mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumu haizidi 10 kwa bilioni. Siku tano zilitosha kuonyesha kwamba mwenye mahindi mazuri na mwenye mabaya walisimama foleni moja, kwa kuwa wengi hawakuwa na karatasi ya kuwatofautisha.

Anayepeleka sampuli maabara aichukue kwa uangalifu. Sumu haienei sawasawa. Punje chache zinaweza kuwa na sumu ya gunia zima. Kuchota mkono mmoja juu ya gunia la kwanza ni kujidanganya. Zichotwe kutoka magunia mengi, juu, katikati na chini, zichanganywe, ndipo ipatikane sampuli ya kupima.

Mabovu yaende wapi?

Swali hili ndilo linalowashinda wengi, kwa kuwa ni vigumu kutupa chakula baada ya njaa. Mahindi yaliyooza hupewa kuku na ng'ombe, au hutengenezwa pombe. Njia zote hizo humrudisha mwizi nyumbani kwa mlango wa nyuma. Ng'ombe aliyekula aflatoksini huitoa katika maziwa, na maziwa hunywewa na watoto. Pombe haiisafishi nafaka. Pumba za mahindi mabaya nazo ni hatari, maana kukoboa kunapunguza sumu katika unga kwa kuihamishia kwenye pumba. Mabovu yafukiwe mbali na shamba na kisima.

Kwa wanaokula kidogo kidogo kila siku, madhara hayaonekani haraka. Aflatoksini imewekwa na wataalamu wa saratani duniani katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na ini ndilo hupigwa zaidi. Kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, nguvu ya sumu hiyo ya kuleta saratani ni takriban mara 30 ya ile kwa asiye navyo. Kwa hiyo chanjo ya homa ya ini kwa watoto ni sehemu ya vita hii. Sumu hii imehusishwa pia na watoto kudumaa.

Ikitokea watu wa nyumba moja, au majirani wanaokula mahindi ya mahali pamoja, wakaanza kutapika, kuumwa tumbo na macho kuwa manjano, wasingoje. Waende kituo cha afya, waache kula chakula hicho, na wasikitupe chote. Kiasi kidogo kihifadhiwe ili kipimwe. Mwenye kituo aambiwe wazi kwamba wagonjwa ni wengi na chakula ni kimoja.

Yote yaliyotajwa hapa hayahitaji utaalamu wa mbali. Turubai safi, chupa ya chumvi, mbao chini ya gunia, na mikono ya kuchambua ni vitu vilivyomo katika nyumba nyingi. Kinachokosekana mara nyingi ni mnunuzi wa kuuliza. Siku mfanyabiashara wa Kobero au wa Mugina, kabla ya kutaja bei, atakapomwuliza muuzaji, "Haya yalianikwa wapi, na kwa siku ngapi?" na akawa tayari kulipia jibu zuri, mkulima aliyerejea mwaka huu atajua kwamba jua alilolilinda kwa siku kumi lina thamani kwenye mizani.